Kasulo: meza za akina mama zilindwe kabla jiwe halijaisha

Mgeni anayefika Kolwezi na kuuliza pa kula anajibiwa haraka. Anaelekezwa katikati ya mji, kwenye hoteli zilizofuata makampuni ya madini, ambako jenereta hainyamazi na sahani moja inahesabiwa kwa dola. Kasulo haimo katika majibu hayo. Jina la mtaa huu linajulikana mbali, hata Ulaya na China, lakini linajulikana kwa sababu ya kobalti. Waandishi wa habari wanakuja na kamera, wanatafuta mashimo, wanapiga picha za turubai na vumbi, kisha wanarudi katikati ya mji kula.

Wanaondoka bila kuiona nusu ya Kasulo. Mtaa huu unakula, na unakula vizuri. Mwenyeji anajua ni nani anayepika sombe isiyo na mchanga, ni nani anayechoma mbuzi bila kumkausha, na ni nani anayemkopesha mtu bukari mpaka mawe yake yapimwe. Meza hizo zimelisha watu tangu jiwe lilipoonekana, na zinaweza kuendelea kuwalisha siku jiwe litakapokwisha. Lakini leo hakuna anayezilinda. Zinahamishwa, zinafunikwa na vumbi, na viongozi wanazikumbuka siku ya kukusanya kodi au siku ya kufukuza wauzaji barabarani. Hilo linapaswa kubadilika, na pesa ya kulibadilisha ipo.

Anwani ni saa

Ukimwuliza mkaaji wa Kasulo pa kula, mara nyingi hatakupa jina la mkahawa. Atakuuliza kwanza ni saa ngapi, kwa kuwa sehemu nyingi za kula hazina ubao wala mlango. Zina saa.

Alfajiri ni saa ya vitumbua na uji. Kabla jua halijapanda, mbabula zimewashwa kando ya njia, mafuta yanachemka, na vijana wanasimama na koleo begani wakisubiri vitumbua vya moto. Uji wa mahindi unatiwa karanga zilizosagwa ili ushikilie tumbo. Anayeshuka shimoni hajui atatoka saa ngapi. Kwa hiyo chakula cha asubuhi kwake ni kama mshahara wa kwanza wa siku, hata kama hana franka mfukoni.

Saa nne au saa tano ni zamu ya mihogo ya kuchoma na karanga. Ni chakula cha mkononi ambacho kila mtu wa Katanga anakijua, kuanzia Lubumbashi hadi Dilolo. Hakihitaji sahani wala maji ya kunawa sana, na ndiyo sababu kinapendwa mahali ambapo maji yananunuliwa kwa bidoni.

Mchana ni saa ya bukari. Msomaji wa Bukavu au Uvira aliyezoea kusema bugali, na yule wa Kinshasa anayesema fufu, watakubali kwamba ni ndugu mmoja mwenye majina mengi. Bukari ya Kolwezi ni ya unga wa mahindi, nyeupe na ngumu, inayosimama yenyewe kwenye sahani. Pembeni kuna sombe iliyotwangwa, au lengalenga, au matembele. Kuna samaki Thomson wa barafu aliyekaangwa akaungwa kwa nyanya, au makayabu, au ndakala waliokaushwa. Mwenye bahati siku hiyo anaongeza kipande cha nyama. Mwenye mkosi anaomba mchuzi.

Katika malewa hizo, yaani vibanda vya chakula vyenye bao moja na sufuria tatu, kuna mazungumzo ambayo hayapatikani hotelini. Mteja anasema, “Mama, uniongeze mboga kidogo.” Mama anajibu, “Mwanangu, lipa kwanza ile ya jana.” Watu wanacheka, kijana anainamisha kichwa, na mboga inaongezwa hata hivyo. Matabishi haya madogo ndiyo yanayomfanya mteja arudi kesho kwenye bao lile lile, hata kama shimo lake limehamia upande mwingine wa mtaa.

Jioni ni ya mbuzi. Michopo ya Katanga inachomwa juu ya makala, inakatwa vipande, inafungwa kwenye karatasi pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili. Anayekunywa anachukua Simba baridi. Asiyekunywa pombe anatafuta munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi kinachopata utamu wake kutoka mizizi ya mmea wa jina hilo hilo, na ambacho watu wa Zambia nao wanakidai kuwa chao. Munkoyo mzuri ni wa siku moja. Ukilala sana unakuwa mkali, na mwenyeji atakuonya. Atakuonya vilevile kuhusu lutuku, pombe ya kuchemsha ambayo imeharibu vijana wengi waliotoka shimoni na pesa taslimu mkononi.

Chungu cha mikoa mingi

Anayetaka kuelewa Kolwezi asianze na ramani ya migodi. Aanze na vyungu. Mji huu ulijengwa na Union Minière kuanzia miaka ya 1930 ili kukusanya wafanyakazi karibu na shaba. Walikuja Wasanga, Walunda, Wandembo, Wachokwe, Waluba wa Katanga na Waluba wa Kasai, na kila mmoja alikuja na namna yake ya kupika. Kutoka Kasai ilikuja tabia ya kuchanganya unga wa mahindi na wa muhogo, na hadi leo kuna meza ambako mteja anaulizwa kama anataka bukari ya mahindi peke yake au ya kuchanganya.

Misituni, mvua zinapoanza, vinakuja vyakula ambavyo hakuna kampuni inayoviagiza. Kuna uyoga wa miombo, mwekundu, mweupe na wa rangi ya machungwa, unaouzwa kwa marundo kando ya barabara. Kuna viwavi, ambavyo wengine wanaviita vinkubala na wengine mbinzo, vinavyokaushwa na kukaangwa na nyanya. Kuna chikanda, mkate wa mizizi ya okidi na unga wa karanga, unaokatwa kama soseji na kuliwa na pilipili. Mtoto aliyekulia Katanga akila chikanda akiwa ugenini anaweza kutoa machozi.

Historia ya vyungu hivi ina kidonda pia. Mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, Likasi na Kolwezi zikiwemo. Familia zilizokuwa zimeishi huko kwa vizazi viwili au vitatu zililala kwenye vituo vya gari moshi zikisubiri mabehewa. Maneno yale yale ya “wageni” na “wenyeji” yanarudi mara kwa mara, hasa wakati wa uchaguzi na wakati kazi inapopungua. Kwa hiyo bao la mama wa Kasulo, ambako Mchokwe, Mluba wa Mbuji-Mayi na kijana aliyetoka Kivu wanakaa bega kwa bega na kuchota mchuzi mmoja, lina kazi kubwa kuliko kushibisha. Watu waliokula pamoja mwaka mzima hawafukuzani kirahisi. Hilo peke yake lingetosha kuzifanya meza hizi ziwe jambo la serikali.

Pa kutembea

Mgeni akishakula anaweza kutembea, na Kasulo inatembewa kwa miguu, pamoja na mwenyeji, bila haraka. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za mtaa huu. Watu wakaanza kuchimba ndani ya viwanja vyao, uani, hata chini ya sakafu ya chumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilitengwa kwa mpango wa jimbo na kampuni ya Congo Dongfang Mining, tawi la Huayou Cobalt ya China. Familia zaidi ya mia tano zilihamishwa kwa malipo, eneo likazungushiwa uzio, na wachimbaji wa mikono wakaruhusiwa kuingia na kuiuzia kampuni hiyo. Pembeni ya uzio maisha yaliendelea, na mashimo nayo yaliendelea.

Kwa mtu wa Kasulo, matembezi ya mtaa ni kama kusoma daftari la majina. Hapa kulikuwa na nyumba ya fulani. Hapa palikuwa na mwembe ambao watoto waliupiga mawe. Hapa ndipo mama fulani alipouza vitumbua kabla hajahamishwa, na sasa anauza upande ule. Anayetembea hivyo anaelewa jambo ambalo ripoti haliwezi kulieleza vizuri. Familia inapohamishwa, inalipwa nyumba na kiwanja. Wateja hawalipwi. Bao lililochukua miaka kupata watu wake linaanza upya kwa siku moja, mahali ambapo hakuna anayelijua.

Nje ya Kasulo, mwenyeji atampeleka mgeni kuona Cité Gécamines, mtaa wa wafanyakazi wa zamani. Gécamines ilizaliwa baada ya serikali kuichukua Union Minière mwaka 1967, na kwa miaka mingi mfanyakazi wake alipata nyumba, shule, hospitali na unga wa kila mwezi. Wazee bado wanaukumbuka unga huo kuliko mshahara. Leo mgodi wa COMMUS, ambao mwenye hisa mkubwa ni Zijin ya China, umekaribia nyumba za mtaa huo, na wakaaji wengine wamehamishwa. Yaliyotokea Kasulo yanatokea tena, safari hii kwa mashine kubwa.

Wazee hao hao watamwonyesha mgeni mahali ambapo mwezi Mei 1978 askari wa miavuli wa Ufaransa waliangukia mji, wakati wa vita ambayo vitabu vinaiita Shaba ya pili. Karibu kila familia ya zamani ya Kolwezi ina habari yake ya siku zile: nani alijificha darini, nani alikimbilia porini, nani hakurudi.

Siku ya Jumapili mwenye nafasi anakwenda Nzilo. Mto Lualaba, ambao ndio mto Congo ukiwa bado kijana, ulizuiwa hapo kwa bwawa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kutoa umeme kwa migodi. Nyuma ya ukuta likatokea ziwa. Familia zinakaa kando ya maji, wavuvi wanauza samaki wabichi, na mtu anaweza kula samaki ambaye hakupita kwenye barafu. Kwa mtu wa Kivu, ambaye kwake ziwa ni jambo la kila siku, Nzilo itaonekana ndogo. Kwa kijana wa Kasulo ambaye wiki nzima alikuwa chini ya ardhi, upana ule wa maji na anga ni dawa.

Vumbi mezani

Kuna anayeweza kusema kwamba kumkaribisha mtu kula Kasulo ni kumkaribisha kula sumu. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti waliofanya Kasulo yenyewe. Walikuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumba, na katika mkojo na damu ya wakaaji walikuta kiasi kikubwa kuliko kwa watu wa mtaa wa kulinganisha. Watoto ndio walioathirika zaidi. Utafiti mwingine wa Katanga, uliotoka mwaka 2014, ulionyesha kwamba vumbi na mboga zinazolimwa karibu na shughuli za madini ni kati ya njia ambazo kobalti inaingia mwilini.

Mama anayepika anajua hayo bila kusoma utafiti. Anaona vumbi likikaa juu ya mfuniko kila kamyo likipita. Anafunika sufuria, anamwaga maji mbele ya bao, anasuuza lengalenga mara tatu. Hayo ndiyo anayoyaweza. Hawezi kutia lami barabara. Hawezi kulazimisha magunia ya mawe yafunikwe kabla ya kupakiwa. Hawezi kujua kama mboga aliyoinunua sokoni ilimwagiliwa kwa maji ya mto ulio chini ya kiwanda.

Watu wengine wanatoa suluhisho rahisi, kwamba meza hizi zifungwe kwa sababu ya usafi. Mara kadhaa katika miji mingi ya Congo suluhisho hilo limejaribiwa, na matokeo yanajulikana. Polisi wanapindua sufuria asubuhi, jioni mbabula zimewashwa tena hatua mia moja mbele, na mama amepoteza mtaji. Wachimbaji hawaachi kula kwa sababu bao limepinduliwa. Wanakula mahali pabaya zaidi, au wanakunywa lutuku tumbo likiwa tupu.

Kwa hiyo vumbi ni sababu ya kuzilinda meza, na haliwezi kuwa sababu ya kuzifuta. Paa, sakafu ya saruji, bomba la maji safi, choo, na sehemu ya kunawa mikono. Mahali palipo mbali kidogo na depo za wanunuzi wa mawe, lakini si mbali kiasi cha kupoteza wateja. Gari la kumwagilia maji barabarani wakati wa kiangazi, kila siku, si siku ya ziara ya mkubwa peke yake. Mambo haya hayahitaji mtaalamu kutoka nje.

Pesa ipo

Mtu anayesema kwamba Kolwezi haina pesa ya kujenga soko dogo lenye paa anajidanganya au anawadanganya wengine. Congo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka Lualaba. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inasema wazi jinsi mrabaha, ile redevance minière, unavyogawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komine, sekta au sheferi ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tangu mwisho wa mwaka 2018 kobalti inahesabiwa kuwa madini ya kimkakati, na mrabaha wake umepanda hadi asilimia 10. Juu ya hayo, kila kampuni inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka.

Pesa hizo zimejenga vitu vinavyoonekana. Tangu Lualaba iwe jimbo mwaka 2015, Kolwezi imepata barabara, majengo ya serikali na taa. Hakuna anayekataa. Swali ni nani anayekaa chini ya taa hizo. Jengo kubwa linamfaa mgeni wa serikali. Kibanda chenye maji safi kinamfaa mama anayelisha watu hamsini kwa siku. Gharama ya cha pili ni ndogo mno ukiilinganisha na ya la kwanza, na ndiyo maana inashangaza kwamba hakipewi nafasi katika bajeti.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na tarehe 16 Oktoba mwaka huo huo ikaweka mgawo: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na kiasi hicho hicho kwa mwaka 2027. Kwa taifa uamuzi huo unaweza kuwa na hesabu nzuri. Lakini mtaani kila kusimama kwa soko la mawe kunafika kwenye sufuria kabla ya kufika mahali pengine. Mnunuzi anapunguza bei, mchimbaji anakula kwa deni, na deni linakaa kwenye daftari la mama. Bei ya unga haimsubiri. Katanga inategemea sana mahindi ya Zambia yanayopita Kasumbalesa, na kila mara Lusaka inapobana usafirishaji, gunia linapanda Kolwezi wiki hiyo hiyo. Mama wa malewa anabanwa pande mbili: na soko la kobalti ambalo halimjui, na soko la mahindi ambalo hawezi kulibadili.

Hapo ndipo sehemu ya asilimia 15 ingeweza kufanya kazi yenye maana. Kwanza, kujenga meza zenye paa na maji Kasulo na mitaa mingine ya wachimbaji, na kuziandika kwa majina ya wanaozitumia, ili zisije kugawiwa jamaa za wakubwa. Pili, kuweka mfuko mdogo wa mikopo kwa wauzaji wa chakula, wa kuwavusha miezi ambayo soko la mawe linalala. Tatu, kuandika katika kila makubaliano ya kuhamisha watu kwamba biashara ya chakula ni mali inayolipwa, sawa na nyumba na miti ya matunda. Nne, kusaidia mashamba ya mahindi ya Lualaba yenyewe, kwa sababu jimbo linalouza madini duniani kote na kununua bukari kwa jirani limejiweka mikononi mwa wengine.

Mgeni aje namna gani

Watu wengine wa Kasulo hawafurahii kabisa kusikia mtaa wao ukiitwa mahali pa kutembelea. Wamechoka kuangaliwa. Wameona wageni wakipiga picha za watoto wao na kuondoka bila kusalimia, na picha hizo zikizunguka dunia bila jina la mtu wala shukrani. Uchovu huo una haki yake. Umaskini wa mtu si onyesho.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya anayekuja kuangalia na anayekuja kula. Anayekula anakaa chini. Anasalimia, anauliza bei, analipa, anasikiliza. Mama aliyempikia anakuwa mwenye nyumba, na mgeni anakuwa mgeni, kama desturi inavyotaka. Kamera inabaki mfukoni mpaka aulize, na kwenye mashimo haiulizwi kabisa, kwa sababu huko watu wako kazini na wengine wako katika hatari. Asichague nafasi iliyo kando ya barabara ya makamyo. Achague chakula kinachotoka motoni. Anawe mikono kabla hata ya kuambiwa. Akimaliza, asiombe punguzo la bei kwa mtu anayepata faida ya franka chache kwa sahani.

Wanaohusika zaidi na mwaliko huu hawatoki Ulaya. Ni watu wa Kolwezi wenyewe: mfanyakazi wa benki, mwalimu, mhandisi wa kampuni, diwani wa komine, wanaoishi dakika chache kutoka Kasulo na hawajawahi kukaa kwenye bao lake. Diwani aliyekula sombe yenye vumbi mara moja atapiga kura kwa ajili ya gari la maji haraka kuliko yule aliyesoma ripoti. Mhandisi anayemjua mama anayewapikia wachimbaji atafikiri mara mbili kabla ya kuchora mstari wa kuhamisha mtaa.

Miji ya Katanga imekwisha kuona migodi ikilala na watu wakibaki. Likasi inajua, Kipushi inajua, na Kolwezi yenyewe ilionja njaa miaka ya 1990, wakati Gécamines ilipoanguka na unga wa kila mwezi ukakatika. Waliozilisha familia wakati ule walikuwa wanawake waliotoa bao mbele ya nyumba na kuuza walichoweza. Kobalti nayo ina mwisho wake, ama kwa kuisha ardhini, ama kwa dunia kupata betri za aina nyingine. Siku hiyo Kolwezi itahitaji watu wanaojua kulisha mji. Wapo sasa hivi Kasulo, wanawasha mbabula saa kumi na moja alfajiri, na wanachoomba ni paa, bomba la maji na barabara isiyotoa vumbi.